Funika, Usisambaze



 Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako uweke alama sehemu mbili: Mwanzo 9:20-23 na 2 Samweli 6:12-23. Tutazirudia mbele. Leo naanza na mchezo ambao huku kwetu Nduruma hakuna aliyewahi kuucheza, halafu nitakuja kwenye jambo nililolifanya mimi mwenyewe. Afadhali ulisikie kutoka kwangu.

Huku Nduruma barafu tunaiona kwa mbali. Asubuhi kama hakuna mawingu unatazama mashariki, unaiona Kilimanjaro na weupe wake pale juu, halafu jua likipanda inajificha na sisi tunabaki na vumbi letu na mifereji yetu ya vitunguu. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoona kwenye simu watu wakidansi juu ya barafu, nilidhani ni sinema. Kumbe ni mchezo kamili, na umo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi tangu 1976.

Wanacheza wawili wawili. Kila mmoja amevaa kiatu chenye bapa la chuma chini, upana wake kama milimita 4 tu, na mwili wote unasimama juu ya hilo bapa. Hawaruhusiwi kurushana juu wala kuruka yale maruko makubwa ya kuzunguka hewani kama kwenye michezo mingine ya barafuni. Wao ni dansi: hatua, mizunguko, muziki, na kukaa karibu. Kanuni zinawabana wasiachane mbali. Na mara nyingi mmoja wao anakuwa anakwenda kinyumenyume kwa kasi, haoni anakoelekea, mwenzake ndiye macho yake. Sasa fikiria ukipishana na mwenzako nusu sekunde. Mnaanguka wote.

Katika mchezo huo yupo dada mmoja Mfaransa, Gabriella Papadakis, aliyezaliwa 1995 katika mji wa Clermont-Ferrand. Mama yake alikuwa kocha wa mchezo huo. Alipokuwa bado mtoto mdogo wa shule aliunganishwa na mvulana anayeitwa Guillaume Cizeron, na hao wawili wakakua pamoja barafuni. Walishinda ubingwa wa dunia 2015, wakaurudia 2016. Kwa hiyo walipofika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, Februari 2018, watu walitegemea dhahabu.

Tarehe 19 Februari wakaingia kucheza dansi yao fupi. Muziki ukaanza. Sekunde chache tu, kishikizo cha gauni lake pale shingoni kikafunguka. Jamani, hebu fikiria. Uwanja umejaa, waamuzi wanatazama, televisheni za dunia nzima ziko hewani, na nguo yako imeanza kukuacha. Ukisimama urekebishe, unakatwa alama. Usiposimama, dunia inakutazama. Baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba lile ndilo jinamizi lake baya kuliko yote, na kwamba alijiambia hana njia nyingine ila kuendelea. Akaendelea mpaka noti ya mwisho, na Guillaume akaendelea naye.

Walipomaliza alikuwa anajizuia asilie. Wakapata alama 81.93, nafasi ya pili. Kesho yake wakarudi, wakacheza dansi ndefu na kuvunja rekodi ya dunia kwa alama 123.35. Lakini jumla yao ilikuwa 205.28, na Tessa Virtue na Scott Moir wa Canada walikuwa na 206.07. Dhahabu iliwaponyoka kwa pointi 0.79. Kwa sababu ya kishikizo, au kwa sababu nyingine, Mungu ndiye anayejua.

Sasa swali langu. Unadhani usiku ule watu duniani walituma nini kwenye simu zao? Ile rekodi ya dunia? Hapana. Walituma ile picha ya gauni. Msichana amefanya mazoezi tangu utotoni, ameamka alfajiri miaka na miaka, ameumia, amevumilia, na sekunde moja ya aibu ndiyo iliyosafiri kuliko kazi yake yote.

Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia vibaya sana, na si kwa sababu ya Ufaransa. Ni kwa sababu mimi nimewahi kuituma picha ya namna hiyo.

Sitataja kigango wala mwaka. Ilikuwa sikukuu, kanisa limejaa hadi watu wamesimama nje madirishani. Mnajua matoleo yetu yanavyokuwa siku kama hiyo. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanatangulia wakicheza, WAWATA wanafuata na vikapu: mahindi, ndizi, nyanya, kuku. Mbele kabisa ya mstari alikuwepo binti wa miaka kama kumi na mitatu, amejifunga kitenge kiunoni juu ya suruali ya michezo ya shule, amebeba kikapu cha nyanya. Alikuwa anacheza vizuri, kiukweli alikuwa anacheza kuliko wote. Katikati ya kanisa pini ya kitenge ikaachia. Kikateremka, akakikanyaga, akaenda chini mzima mzima. Nyanya zikaviringika mpaka miguuni pa padre.

Kanisa likacheka, na mimi nikacheka.

Ningeishia hapo, ningekuwa na dhambi ndogo tu ya kucheka. Lakini jamaa mmoja alikuwa anarekodi. Akanitumia ile klipu jioni. Mimi nikaipunguza, nikaiwekea muziki wa kuchekesha na maandishi juu, nikaiweka kwenye grupu la vijana na kwenye stetasi yangu. Watu wakafurahi. "Mkuu umeua!" Nikalala na amani kabisa, yaani nilijiona mjanja.

Siku ya tatu klipu ilikuwa shuleni kwake. Wanafunzi wenzake wakampa jina: Nyanya. Akipita darasani wanaimba ule muziki nilioweka mimi. Jumapili iliyofuata hakuja kucheza. Iliyofuata hakuja kanisani. Mwezi ukaisha.

Bibi yake ndiye aliyenifuata. Huku wengi tunawaita bibi zetu koko. Alinikuta dukani, nikamsalimia kama kawaida.

"Shikamoo, koko."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi wa zile video?"

Nikanyamaza.

"Sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza tu. Mjukuu wangu alipoanguka, ulikuwa umekaa mbali naye?"

"Hapana, koko. Nilikuwa benchi la tatu."

"Basi ulikuwa karibu," akasema. "Mikono yako ilikuwa na nini?"

Akachukua sukari yake akaondoka. Ndugu yangu, nimehubiriwa na mapadre wengi, sijawahi kuhubiriwa namna ile. Nilikuwa hatua nne kutoka kwa mtoto aliyeanguka, na mikono yangu haikuwa na kitu. Simu ilikuja baadaye.

Sasa tufungue Biblia. Mwanzo sura ya 9. Nuhu, mtu wa Mungu, aliyejenga safina na kuokoa familia nzima, siku moja amelewa divai, amelala hemani uchi. Mwanawe Hamu akaingia akaona. Akafanya nini? Akatoka nje akawaambia ndugu zake wawili. Angalia vizuri: Hamu hakusema uongo. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Nuhu alikuwa amelewa, na alikuwa uchi. Lakini Biblia haimsifu kwa kusema kweli, maana aliikuta aibu ya baba yake ikiwa hemani, akaipeleka nje.

Shemu na Yafethi wao wakachukua vazi, wakaliweka mabegani mwao wote wawili, wakaingia kinyumenyume, nyuso zao zimeelekea upande mwingine, wakamfunika baba yao wasimwone. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, lakini niliposoma tena baada ya kuwaona wale wacheza dansi wa barafuni, nikashtuka. Watu wawili, wanakwenda pamoja, kinyumenyume, hatua sawa, hawaoni wanakokwenda, na wameshika kitu kimoja. Mmoja akiharakisha vazi linadondoka. Dansi yao ya kumfunika aliyeanguka.

Sehemu ya pili, 2 Samweli sura ya 6. Mfalme Daudi analeta Sanduku la Agano Yerusalemu, anacheza mbele za Bwana kwa nguvu zake zote, amevaa naivera ya kitani tu. Mikali, binti Sauli, anamtazama kutoka dirishani. Anamdharau moyoni. Daudi akirudi nyumbani anapokelewa na kejeli: eti mfalme amejivua nguo mbele ya wajakazi. Daudi anamjibu kwamba alicheza mbele za Bwana, na yuko tayari kujishusha zaidi ya hapo.

Nakuomba uone mahali alipokuwa Mikali. Hakuwa kwenye maandamano, wala hakubeba kitu, wala hakucheza. Alikuwa dirishani. Na kioo cha simu nacho ni dirisha. Unakaa nyuma yake salama, hutoi jasho, huanguki maana hujasimama, na unawapimia alama wanaocheza. Yule binti alikuwa anacheza mbele za Bwana. Nyanya zile zilikuwa sadaka. Mimi nilikuwa Mikali, tena Mikali mwenye bando la wiki nzima.

Kuna kijana atasema, "Lakini si kweli alianguka? Mimi sijamsingizia." Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inatofautisha makosa mawili. Lipo la kumsingizia mtu uongo. Na lipo la kufunua makosa na mapungufu ya kweli ya mtu, bila sababu halali, kwa watu ambao hawakuyajua. Yote mawili ni kosa dhidi ya jina la jirani. Ukweli peke yake haukupi ruhusa. Na namba 2487 inakwenda mbali zaidi: aliyemharibia mwenzake jina ana wajibu wa kurekebisha. Kusamehewa kupo, lakini deni la kutengeneza linabaki. Papa Fransisko naye, katika waraka wake kwa vijana, Christus Vivit, wa 2019, alitaja wazi unyanyasaji wa mtandaoni kati ya majeraha ya kizazi chetu. Kwa hiyo tusiseme ni utani tu.

(Angalizo: simaanishi kuficha uovu. Mtu akimdhulumu mtoto, akiiba mali ya jumuiya, akimpiga mkewe, hiyo huifuniki. Unamlinda aliyeumizwa na unapeleka taarifa panapostahili. Shemu na Yafethi walimfunika mnyonge aliyeanguka, hawakumfichia mtu silaha.)

Basi nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, hakunigombeza. Malipizi yake hayakuwa Salamu Maria tatu nilizozoea. Aliniambia mambo mawili: nenda kwao ukamwombe msamaha yeye mwenyewe, halafu uombe msamaha palepale ulipoweka ile klipu, mbele ya watu walewale. Nikamwambia, "Padre, hilo la pili ni gumu." Akasema, "Yeye aliaibika mbele ya wangapi?"

Nilifuta, nikaandika kwenye grupu. Nilisema mimi ndiye niliyeitengeneza, nimekosa, naomba kila aliyenayo aifute. Wengine waliweka vikatuni vya kucheka. Wengine wakafuta. Najua haijafutika yote. Ukimwaga maji Mto Nduruma hapa huwezi kwenda kuyachota huko chini yalipofika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyumbani kwao nilimkuta anageuza maji kwenye mfereji wa vitunguu, ameshika jembe. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mdogo wangu, ni mimi niliyeweka ule muziki. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Akaendelea kupiga tope lake. Kisha akasema bila kuniangalia, "Kaka, mimi nilifikiri utakuja kuniokota."

Hakusema amenisamehe. Wala sikumlazimisha. Msamaha ni wake, atautoa siku yake.

Sasa sikia habari nyingine, na hii ni ya jirani zetu. Philip Boit, kijana wa upande wa Eldoret, Kenya, alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza mbio za kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni. Theluji hakuwahi kuikanyaga kabla ya hapo. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Februari 1998, alisimama kwenye mstari wa kuanzia wa kilomita 10 kule Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Bjørn Dæhlie wa Norway alimaliza wa kwanza kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dakika ishirini nyuma!

Kwa utaratibu wa kawaida Dæhlie alitakiwa awe jukwaani anavikwa dhahabu yake. Hakwenda. Alibaki kwenye mstari wa mwisho, sherehe ikasubiri, mpaka yule Mkenya alipotokea. Akampokea, akamkumbatia. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Naye mwenyewe akarudi Olimpiki tena, 2002 na 2006.

Wangapi walimcheka Boit siku ile? Sijui mmoja wao kwa jina. Aliyemngoja ndiye aliyeachiwa mtoto mwenye jina lake.

Na Gabriella? Aliendelea na mazoezi na mwenzake yuleyule. Tarehe 14 Februari 2022, Beijing, wakapata dhahabu ya Olimpiki, jumla ya alama 226.98, rekodi ya dunia. Lakini sikuambii hivyo ili useme kila aliyeaibishwa atapata dhahabu. Si kweli. Wengine wanaacha kabisa. Wengine wanaacha shule, wanaacha Kanisa, na wapo wanaokata tamaa ya kuishi. Gabriella alikuwa na mtu wa kuendelea naye. Yule binti wa nyanya alikuwa na kanisa zima, na kanisa lilikuwa linacheka.

Mungu wetu hafanyi hivyo. Adamu na Eva walipotenda dhambi wakaona wako uchi, Bwana aliwaambia ukweli wote wa kosa lao, na kabla hawajatoka bustanini akawatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika. Soma Mwanzo 3:21. Na Msalabani, Yesu mwenyewe ndiye aliyevuliwa nguo mbele ya umati, watu wakapita wakitikisa vichwa. Alikaa mahali pa aliyeaibishwa. Kwa hiyo ukimcheka mdogo wako aliyeanguka, angalia vizuri ni nani yuko chini pamoja naye.

Wiki hii nakuomba mambo matatu, si mengi.

Kwanza, fungua simu yako sasa hivi. Tafuta klipu au picha moja ya aibu ya mtu, uifute. Usiitume "kwa mara ya mwisho". Ifute.

Pili, kama wewe ndiye uliyeisambaza, nenda kwa mwenyewe. Usijitetee, usieleze ilivyokuwa. Sema nimekosa, halafu nyamaza. Sakramenti ya Kitubio ipo, usiogope.

Tatu, yupo mtu kwenye jumuiya yako au kwaya yako ambaye haonekani siku hizi baada ya jambo fulani. Mtafute. Usimuulize mbona haji, kaa naye tu. Tumwombe Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Kompyuta yake aliitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Vyombo tunavyo vilevile.

Mtaniuliza, yule binti je? Majuzi alikuja Misa ya kwanza na koko wake, wakakaa benchi la nyuma kabisa. Wakati wa matoleo wasichana wenzake walipita wakicheza, na pale mbele ya mstari wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyewaambia. Yeye hakuinuka. Lakini niliona mguu wake chini ya benchi unafuata ngoma.

Tunangoja.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyevuliwa nguo ukakaa kimya, utusamehe tulipocheka. Utupe mikono ya kuinua kabla ya mikono ya kurekodi. Uwafunike kwa upendo wako wote tuliowafunua, na uturudishie walioondoka kwa sababu yetu. Amina.

Mwana-VIWAWA mwenzenu,
Nduruma, Arusha.